Kitambaa cha Jilala na Nyaya za Mtandao

Siku nilipokabidhi ofisi, Joyce wa utumishi alikaa mbele yangu na karatasi, akawa anaandika kila nilichoweka mezani. Funguo kumi na moja. Birika mbili kubwa, na ile ndogo ya meneja. Chujio. Ndoo, fagio, dekio. Halafu nikatoa koleo dogo lenye mpini mwekundu, lile la kubania vichwa vya nyaya za kompyuta, nikaliweka katikati ya chujio na dekio. Joyce akasimamisha kalamu. Akauliza, kwa heshima tu, mhudumu wa chai alikuwa anafanya nini na koleo la mtandao.

Nikamwambia habari hiyo ni ndefu kuliko chai yake. Sasa chai ya Joyce inapikwa na mtu mwingine, na mimi nina daftari la mistari na muda wa kutosha. Basi habari yenyewe ndiyo hii, kwa Joyce na kwa nyinyi wote mliobaki pale Kahama, na kwa wale mtakaokuja na kukuta nyaya zimenyooka ukutani mkadhani zilijinyoosha zenyewe.

Jina langu ni Nkwimba, ila kazini jina hilo lilikuwa la kwenye fomu tu. Wote waliniita Mama Milembe, kwa mzaliwa wangu wa kwanza, na hawa wa karibuni wananiita Bibi. Shule niliishia darasa la nne. Kusoma nasoma, ila taratibu, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Nilichojaliwa ni majina. Nikiambiwa jina mara moja, halitoki. Nadhani ni urithi wa baba yangu, Machibya, ambaye hakuhesabu ng'ombe wake kwa namba. Jioni wakiingia zizini aliwaita mmoja mmoja kwa jina, na aliyepotea alijulikana kwa ukimya wake. Sisi watoto tulisimama langoni tukimsikiliza. Hadi leo naweza kuwataja wale ng'ombe wote, ingawa walishaliwa zamani na harusi za kaka zangu.

Kampuni yetu mnaijua, lakini kwa anayeanza: tunanunua mchele, maharage na nyama, tunapeleka kwenye majiko ya migodini. Makao makuu ni Shinyanga, barabara ya kwenda Ibadakuli, na tawi letu liko Kahama, kando ya barabara ambayo malori hayalali.

Siku yangu ya kwanza niliiharibu kabla ya saa nne. Nilitafuta tundu la umeme la kuchomeka jagi la kuchemshia maji, nikaona ukutani kuna waya umekaa tu, nikauchomoa. Ulikuwa wa kompyuta ya Maduhu, karani wa mizigo, na alikuwa ameandika tangu asubuhi. Zile kompyuta za zamani zilikuwa kubwa, zinavuma kama mashine ya kusaga, na ukizikatia umeme zilisahau kila kitu kama mlevi. Maduhu hakunigombeza. Aliangalia kioo cheusi, akaniangalia mimi, akaniambia chai yake niweke sukari nne. Jioni meneja, Bwana Luhende, akabandika karatasi juu ya kila tundu: USIGUSE. Hilo neno nililisoma bila shida.

Jilala, mlinzi wa getini, ndiye aliyenifariji. Alisema yeye siku yake ya kwanza alimzuia Luhende mwenyewe asiingie kwa sababu hakuwa na kitambulisho. Tangu hapo tukawa ndugu.

Nilikaa miaka mingi bila kugusa. Nilifuta vumbi kuzunguka zile mashine kama mtu anayefagia karibu na mbwa aliyelala. Kisha zikazeeka, zikaanza kufa moja moja, na siku moja basi la asubuhi kutoka Shinyanga likamshusha Emanueli.

Emanueli alikuwa fundi wa kompyuta wa makao makuu, mtu mzima mwenye kipara cha mapema na sauti ya mwalimu wa dini. Alishuka na maboksi, na ndani ya maboksi vilikuwemo visanduku tisa vyeusi, kila kimoja kidogo kuliko Biblia ya mchungaji. Havikuvuma. Havikuwa na feni. Nilipomletea chai nikamuuliza kompyuta zenyewe zinakuja lini.

"Ndizo hizi, Mama Milembe," akasema. "Ila hiki kisanduku hakina akili yake. Hakitunzi kitu. Akili yote iko Shinyanga, kwenye mashine moja kubwa tunaiita sava. Hadija wa mapokezi akiandika hapa, anaandika kule. Hiki ni dirisha tu la kuchungulia."

Nikafikiri kidogo. Nikamwambia nimeelewa: ni kama wajomba zangu kwenye kikao cha ukoo. Kila mmoja anasimama na kusema kwa sauti kubwa, lakini maneno yote yametungwa na bibi yetu aliyebaki nyumbani. Emanueli alicheka hadi akamwaga chai. Baadaye nilimsikia akiwaeleza watu wa ofisi yetu mpya ya Katoro habari ya wajomba, bila kutaja ameitoa wapi. Nimeshamsamehe.

Siku tatu alizofunga visanduku mimi nilimshikia ngazi. Hapo ndipo nilipojua mtandao si kitu cha angani. Ni waya. Kila meza ina waya wake unaopita ukutani hadi stoo, kwenye kisanduku kirefu chenye matundu mengi wanachokiita swichi, na kutoka hapo safari ya Shinyanga inaanza. Ukichomeka sawasawa, taa ya kisanduku inawaka njano, inafikiri, halafu inakuwa kijani. Ikibaki njano, kuna jambo. Kazi ya siku tatu yote ni kusubiri kijani.

Alipomaliza akaniita pembeni, kwa sababu alijua nani anaingia ofisini kabla ya wote. Akaniambia karatasi za USIGUSE nizibandue, sasa nimeruhusiwa. "Kitu kimoja tu, mama. Adui wa hivi visanduku hapa kwetu ni vumbi. Nisaidie na vumbi."

Mimi nikitajiwa adui sihitaji kuambiwa mara ya pili. Mnalijua vumbi la pale: lori moja likipita, chai inabadilika rangi. Kufuta mara mbili kwa siku hakukutosha. Nikaenda sokoni nikanunua nyuzi nzito za sufi na bitana ya satini, nikaanza kufuma vitambaa. Si vile vya kutandika tu juu. Hivi vilikuwa magauni kamili, vinafunika juu na pande zote hadi mezani, ndani bitana ili vumbi lisipenye, mbele nimeacha tundu dogo la taa nione kijani changu. Na kwa mbele nilifuma jina la mwenye meza, herufi kubwa.

Kila kimoja kilinichukua siku tatu au nne. Nilianza na Hadija wa mapokezi, kwa sababu yuko karibu na mlango na vumbi linaanza kwake. Kikafuata cha Shija wa mizani. Halafu nyuzi za zambarau nilizokusudia kwa Mama Kulwa wa stoo zikakosekana sokoni, nikafuma kwanza cha Bwana Luhende, buluu. Kisha Mama Kulwa, Maduhu, Perpetua, Sunho, Ezekieli. Msihangaike kuyashika hayo majina, hiyo ni kazi yangu. Wa mwisho alikuwa Jilala, ambaye naye alipewa kisanduku getini cha kuandikia malori. Jilala alitaka rangi za timu yake, na mimi nyuzi hizo sikuzipata. Kila asubuhi aliniuliza, "Mama Milembe, gauni la mwanangu vipi?" Nikamwambia avumilie. Akasema wengine wote wamevaa, wake tu yuko uchi barabarani kama mtoto wa kuokotwa.

Watu walifurahi sana. Hadija aliwapiga picha. Bwana Luhende, ambaye hasifii kitu, alikizunguka cha kwake mara mbili, akaagiza cha pili cha televisheni ya nyumbani kwake. Na kila asubuhi, kabla hawajafika, nilipita meza hadi meza nikiita majina kama baba yangu zizini. Hadija, kijani. Shija, kijani. Luhende, kijani. Nilijisikia mwenye mifugo.

Ila hata kabla sijamaliza kufuma, vilikuwa vimeanza kuanguka.

Kilikuwa kipindi kile kabla ya mvua, mabati yanapolia na mbwa anahama na kivuli. Alianza Hadija: saa nane mchana, katikati ya kazi, kisanduku kikazima. Siku chache baadaye, Shija. Halafu wengine. Hadija alipiga simu Shinyanga, Emanueli akapanda basi la kwanza asubuhi, akafika, akakitoa kisanduku, akakiwasha, kikafanya kazi kama hakijawahi kuugua. Akanywa chai, akarudi. Kesho yake mchana, chini tena. Alibadilisha nyaya. Alibadilisha swichi. Alifikia hadi kumpa Shija kisanduku kipya kabisa kutoka kwenye boksi. Kikakaa siku nzima vizuri, na mimi kesho yake asubuhi, mgeni yule, nikamvalisha.

Ikawa matatizo ya kweli. Malori yalisimama getini yakisubiri karatasi. Kambi moja ya wachimbaji ilipelekewa maharage mara mbili na mchele haukwenda, na tuliambiwa ujumbe uliorudi kutoka kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji, haukuwa wa kusomwa mbele ya Perpetua, ambaye ni mwanakwaya. Bwana Luhende akasema hadharani visanduku hivi ni vya kuchezea, na aliyevileta naye aondoke navyo. Emanueli ndiye aliyewashawishi wakubwa wavinunue. Alitoa neno lake. Luhende alimpa hadi Ijumaa: vikiendelea kuanguka, anaandika barua Shinyanga virudishwe, na fundi atafutwe mwingine. Na neno la Luhende Shinyanga lilisikilizwa.

Alhamisi asubuhi Emanueli alikuja kukaa jikoni kwangu, kwa sababu ndipo mahali pekee ambapo hakuna aliyemuuliza swali. Nilimwekea chapati, hakuigusa. Mtu anayemjua Emanueli anajua hiyo ilikuwa dalili mbaya kuliko taa yoyote ya njano.

"Nina watoto watatu shuleni, mama, na sijui ugonjwa ni nini," akasema. "Ningejua hata kama ni kosa langu, ningelala."

Alikuwa na daftari. Alikuwa ameandika kila kisanduku na siku kilipoanguka kwa mara ya kwanza, akijaribu kuona mpangilio. Hakukuwa na mpangilio, alisema. Si kwa urefu wa waya, si kwa matundu ya swichi, si kwa chumba. Akaanza kusoma, si kwa ajili yangu, ni kwa kuchoka tu: Hadija. Shija. Luhende. Mama Kulwa. Maduhu. Perpetua. Sunho. Ezekieli.

Nilikuwa nachuja chai. Mkono ukasimama.

Mtu mwingine yeyote angewapanga watu wa ofisi ile kwa vyeo, au kwa meza, au kwa umri. Hakuna duniani anayemweka meneja wa tatu, kati ya Shija wa mizani na Mama Kulwa wa stoo, isipokuwa mtu mmoja aliyekosa nyuzi za zambarau.

Nikamuuliza taratibu, na Jilala je. Akasema cha Jilala hakijawahi kuanguka hata siku moja, na kiko getini kwenye vumbi lote, hicho ndicho kinachomtia wazimu zaidi.

Niliweka chujio chini. Nilikwenda kwa Perpetua, nikamwambia nafuta meza, nikapitisha mgongo wa mkono chini ya gauni. Kulikuwa na joto kama la mtoto mwenye homa ya malaria, na bado haijafika saa tano. Nikaangalia kisanduku vizuri: juu kilikuwa na vitundu vidogo vidogo, mistari mistari. Kisichokuwa na feni kinapumulia hapo. Nilikuwa nimewaziba pua wote wanane kwa satini.

Mtaniuliza fundi mzima hakuona vipi. Jiulizeni nyinyi. Tumezaliwa tumekuta redio imevaa kitambaa, kochi limevaa, televisheni, hadi chupa ya chai. Kwetu kitambaa ni kama ngozi ya kitu chenyewe, hakuna anayekiona. Emanueli kila alipokuja alikivua kisanduku, akakikagua kwenye baridi ya asubuhi, akamaliza, na kwa adabu zake akakivalisha tena mwenyewe.

Sasa niseme ukweli wote, maana nimestaafu. Nilisimama kwenye korido na nikafikiri: nikivivua vyote kimyakimya, mchana huu hakuna kitakachoanguka. Kesho Ijumaa hakuna kitakachoanguka. Emanueli anabaki, mimi nabaki, na jambo hili nakwenda nalo kaburini. Lilikuwa wazo zuri. Nililipenda. Lakini Emanueli alikuwa amesema hajui ugonjwa, na fundi asiyejua ugonjwa ulivyopona hana la kumjibu Luhende, wala halali. Angekaa anausubiri urudi. Na huko Katoro visanduku vingine vilikuwa njiani, na Katoro nako kuna akina mama wenye nyuzi.

Nikarudi jikoni. "Emanueli," nikasema, "anayeua visanduku vyako ni mimi."

Nikamweleza. Nikamtajia mpangilio wake wote kabla hajafungua daftari, na sababu ya Luhende kuwa wa tatu. Alinitazama, akatazama daftari, akaondoka akaenda kushika visanduku mwenyewe, kimoja kimoja. Aliporudi alikaa chini sakafuni, pale pale karibu na mtungi wa gesi, akacheka bila sauti, machozi yakimtoka. Halafu akala chapati. Akala na ya pili.

"Tusiseme bado," akasema. "Tupime. Wanne tuwavue, wanne tuwaache. Kitambaa kikiwa ndiyo chanzo, saa nane tutajua."

Tukawavua Hadija, Mama Kulwa, Maduhu na Perpetua. Tukawaacha Shija, Sunho, Ezekieli na Bwana Luhende, ambaye alikuwa amejifungia ofisini kwake na hakuulizwa. Siri ya ofisi mnaijua inavyokaa: saa saba watu wote walishajua, na saa nane kasoro walikuwa wamesimama kwenye korido kama watu wanaosubiri penalti. Jilala aliacha geti. Akaanguka Shija. Watu wakaguna. Akaanguka Ezekieli. Waliovuliwa wote wakawa kijani, kijani, kijani. Akaanguka Sunho. Kisha tukawa tunautazama mlango wa meneja.

Ulifunguka. Bwana Luhende akatoka amekunja uso, akakuta ofisi nzima na mlinzi wanamtazama yeye.

"Kimezima," akasema. "Na nilikuwa naandika barua. Imepotea."

Hakuna aliyeuliza barua ya nini. Emanueli alijua kuliko wote. Na mtu yule, badala ya kunyamaza, ufundi wake ukamshinda.

"Haijapotea, bosi. Kisanduku hakitunzi kitu. Barua iko Shinyanga kwenye sava. Ukiwasha utaikuta pale pale ulipoishia."

Luhende akamgeukia. Ndipo mimi nikajitokeza, na aproni yangu, nikasema chanzo kimepatikana na chanzo ni mimi na vitambaa vyangu. Emanueli akadakia kwamba yeye ndiye aliyeniambia adui ni vumbi, wala hakuniambia kisanduku kinapumua, kwa hiyo kosa ni lake. Nikasema ni langu. Akasema ni lake. Tukawa tunanyang'anyana kosa kama watu wanaogombea kulipa nauli.

"Basi," Luhende akasema. Akageuka akakitazama kisanduku chake mezani, na gauni lake la buluu, na jina lake mbele. "Na mimi niliagiza cha pili."

Aliyeanza kucheka alikuwa Maduhu, mtu wa sukari nne, ambaye sikuwahi kumsikia akicheka. Halafu wote. Luhende alisubiri tunyamaze, akamwambia Emanueli aiwashe mashine yake.

"Nikute barua kweli ilipoishia?"

"Ilipoishia, bosi."

"Nikiikuta, naifuta."

Aliikuta, na akaifuta mbele yetu, neno kwa neno kwa kidole kimoja, kwa sababu hakujua kufuta yote mara moja. Hakuna aliyethubutu kumsaidia.

Vile vitambaa sikuvitupa. Nilitoa bitana, nikafungua juu, vikabaki kama mikufu tu yenye majina, na Emanueli akaona jambo jingine. Alikishika cha Mama Kulwa, akahesabu nyuzi zilivyopishana, akasema mikono hii imekaa bure kwenye birika. Akaniletea waya wa mtandao uliokatwa na lile koleo.

Ndani ya waya mmoja kuna vijiwaya vinane vyembamba vya rangi, na lazima viingie kwenye kichwa chake cha plastiki kwa mpangilio ule ule kila mara. Mafundi wengi wanakosea hapo, kwa haraka au kwa macho. Mimi niliviona ni ng'ombe. Chungwa mwenye baka, chungwa mtupu. Kijani mwenye baka. Buluu mtupu, buluu mwenye baka. Kijani mtupu. Kahawia mwenye baka, kahawia mtupu. Wale kijani wawili ni wagomvi, unawatenganisha kwa kuwaweka buluu katikati yao. Wanyooshe kwa kidole gumba, kata ncha zilingane, sukuma hadi uwaone wamegusa mwisho wa zizi, ndipo ubane. Usibane kabla hujawaita wote. Hilo lishikeni hata mkisahau mengine.

Katoro nilikwenda na Emanueli kufunga ofisi mpya, ghorofani juu ya duka la vifaa vya ujenzi, pikipiki zikipiga honi chini tangu asubuhi hadi jioni na wauza nyanya wakijibizana nazo. Nilibana vichwa vyote vya upande wa kushoto, yeye vya kulia. Fundi wa kuchomelea wa jirani alipanda kuona bibi anayefunga mtandao, akanisalimia shikamoo, akaniuliza kama na simu natengeneza. Tulipowasha, taa zote zikawa kijani isipokuwa moja iliyobaki njano. Nikaita majina meza hadi meza, nikafika kwenye ukimya.

"Hiki kichwa nilibana mimi?" nikamuuliza Emanueli, ingawa nilijua.

"Hapana, mama," akasema. "Hicho changu."

Alikuwa amewaacha kijani wawili wakae pamoja. Nilimpa koleo tu. Alipobana kichwa kipya na taa ikawa kijani, aliniambia koleo lile nisimrudishie tena, likae kwangu. Na nikaapa mbele ya wanawake wa ofisi ile kwamba atakayefuma kitambaa cha kompyuta atanikuta mlangoni.

Basi Joyce, ndiyo habari ya koleo. Nilipokueleza kwa kifupi siku ile ya makabidhiano ulilifuta kwenye karatasi yako, ukasema hili siyo la ofisi. Wabeja, asante sana. Sasa liko kwenye kapu langu la nyuzi, pamoja na sindano za kufumia, na sioni kama vimegombana.

Limebaki jambo moja. Wiki iliyopita, sokoni, nilizikuta zile nyuzi za rangi za timu ya Jilala, baada ya miaka yote hii. Nikafuma siku tatu. Jana nikampelekea getini. Jilala naye karibu anastaafu, macho yamepungua, lakini alikitambua kabla sijakifungua. Kwa miaka yote amekuwa akiwaambia madereva wa malori kwamba yeye ndiye aliyeokoa mtandao wa kampuni kwa kusahaulika, na sijawahi kumkatalia, kwa sababu ni kweli.

"Sasa umeleta," akasema. "Si utatuangusha tena?"

"Ni cha redio, Jilala."

Akaivalisha redio yake kitambaa, akakinyoosha pembe, akarudi nyuma akakitazama. Kisanduku chake cha getini kilikuwa pale pembeni, uchi kama kilivyoletwa, kijani. Halafu akapitisha mgongo wa mkono chini ya kitambaa, akasubiri kidogo kusikia kama redio ina homa.